Kamera ya joto huona nini hasa? Jibu kwa mwalimu wa Mufindi kuhusu video za ndege za kivita

*"Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya bweni wilayani Mufindi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamegawanyika kwa sababu ya zile video tatu za jeshi la Marekani zinazoonyesha vitu visivyotambulika angani, hasa ile ambayo kitu kinazunguka huku marubani wakishangaa. Upande mmoja unasema ni makosa ya kamera za infraredi, basi. Upande wa pili unasema jeshi lenye fedha zote zile haliwezi kudanganywa na kamera yake lenyewe. Jumamosi ijayo kuna mdahalo na mimi ndiye mwamuzi, lakini kusema kweli sijui nisimamie wapi. Jambo limekuwa zito zaidi kwa sababu mdogo wangu, fundi umeme Tukuyu, ana kamera ndogo ya joto ya kuchomeka kwenye simu. Mwezi Juni, kama saa moja kasoro jioni, akiwa sebuleni, alirekodi kupitia dirishani kitu cha mviringo kinachowaka juu ya mlima. Kinakaa, kinaganda, halafu kinaruka ghafla pembeni. Alipotazama kwa macho hakuona kitu. Nilifanya kosa la kuwaonyesha wanafunzi. Sasa kuna binti mmoja haendi chooni usiku bila kusindikizwa na wenzake, na kila siku anasinzia darasani. Naomba unisaidie."*

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa fundo moja: video za Wamarekani, video ya mdogo wako, na usingizi wa yule binti. La Wamarekani litachukua nafasi kubwa, ila usiishie katikati, maana la binti ndilo la haraka.

Tuanze na mada ya mdahalo. Jinsi ilivyowekwa, inawalazimisha watoto kuchagua kati ya "kosa la kamera" na "kitu cha kweli", na hapo pande zote mbili zinapotea njia. Kamera inaweza kuwa imetazama kitu cha kweli kabisa, kipo pale angani na kina joto lake, na bado umbo unaloliona kwenye skrini likawa limetengenezwa na lenzi, mzunguko ukawa umetengenezwa na shingo ya kamera, na kasi ikawa ni ya ndege iliyobeba kamera hiyo. Swali linalojibika ni hili: katika video hii, lipi limetoka angani na lipi limetoka ndani ya mashine? Wabadilishie swali liwe hivyo. Nusu ya ugomvi itakwisha kabla ya Jumamosi, na itakayobaki itakuwa fizikia.

Mimi kamera ya joto nimeishika miaka mingi, nikikagua mota, swichi za umeme na vikausha chai kwenye viwanda vya Rungwe na huko kwenu Mufindi. Jambo la kwanza ninalomfundisha kijana anayeanza kazi ni kwamba hii kamera si jicho. William Herschel aliigundua mionzi ya infraredi mwaka 1800 kwa kupitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, kisha akaweka kipimajoto pembeni ya rangi nyekundu, mahali ambapo hapakuonekana mwanga wowote. Kipimajoto kikapanda. Kila kitu hutoa mionzi ya aina hiyo, ukuta, ng'ombe, hata barafu, na kamera kazi yake ni kuisoma na kuipaka rangi. Rangi unazoziona ni uamuzi wa programu. Ndiyo maana kwa kubonyeza kitufe kimoja rubani anaweza kufanya chenye joto kiwe cheupe au kiwe cheusi, na kitu hakijabadilika hata kidogo.

Nenda jikoni ujionee. Tafuta sufuria ya alumini ambayo kitako kimeshashika masizi lakini ubavu bado unang'aa, uchemshe maji, kisha uielekezee kamera ya mdogo wako. Masizi yatasoma nyuzi tisini hivi, kama inavyotarajiwa, kwa kuwa huku kwetu juu maji huchemka kabla ya kufika 95. Ubavu unaong'aa, wenye maji yale yale nyuma yake, utaonekana baridi, pengine nyuzi thelathini. Ukisogea hatua moja utaona kivuli cha joto kikitembea kwenye ubavu wa sufuria. Ni wewe. Ukigusa, utaungua. Alumini inayong'aa hutoa mionzi kidogo sana ya joto lake yenyewe, halafu huakisi ya wengine kama kioo. Kamera haikukosea hata kidogo. Imesoma mionzi iliyoipokea. Anayekosea ni yule anayeamini kwamba mionzi hiyo ni ya sufuria.

Nami niliwahi kukosea hivyo hivyo, tena kwa gharama. Katika kiwanda kimoja cha chai niliona alama nyeupe inayowaka kwenye upau wa shaba wa kugawa umeme, nikasema kiungo kimelegea, kitashika moto. Uzalishaji ukasimamishwa, majani mabichi yakaanza kuharibika kwenye sakafu. Tulipofungua, kiungo kilikuwa kimekazwa vizuri na baridi. Lilikuwa jua la saa nne asubuhi, limepenya dirisha lililoachwa wazi, limepiga shaba na kurudi kwenye lenzi yangu. Tangu siku ile sitoi taarifa kabla ya kusogea pembeni na kupiga picha ya pili kutoka pembe nyingine. Kasoro ya kweli hukaa mahali pake. Mwakisiko huhama nawe. Kanuni hiyo ya fundi wa kawaida ndiyo ufunguo wa ile video inayowagombanisha wanafunzi wako.

Video hiyo huitwa GIMBAL. Ilirekodiwa Januari 2015 upande wa pwani ya Florida, na ndege ya F/A-18 ya kundi la manowari ya kubeba ndege USS Theodore Roosevelt. Pamoja na nyingine mbili, FLIR1 na GOFAST, Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliitoa rasmi tarehe 27 Aprili 2020, ingawa zote zilikuwa zimeshazagaa tangu 2017 na 2018. Ndani yake kuna umbo jeusi kama pia, limelala, na kadiri sekunde zinavyokwenda linageuka, linageuka, mpaka linasimama karibu wima. Rubani anasikika akimwambia mwenzake atazame, kinazunguka. Ukiitazama bila kujua chochote kuhusu kamera, mwili unasisimka. Nami ulinisisimka.

Sasa itazame kamera yenyewe. Inaitwa ATFLIR, imefungwa ndani ya kifuko kirefu kwenye mwili wa ndege, na mbele ina kichwa cha mviringo. Shingo yake haigeuki kama ya binadamu. Fikiria mkono ulionyooka mbele ukiwa umeshika tochi, na kiganja kinaweza kupinda upande mmoja tu, tuseme juu. Ukitaka kumulika kushoto, inabidi uuviringishe mkono mzima mpaka ile "juu" ya kiganja ielekee kushoto, ndipo upinde. Ukitaka kutoka kushoto kwenda kulia kwa kupita mbele kabisa, mkono wote hauna budi kujiviringisha nusu duara. Ndivyo kichwa cha ATFLIR kinavyofanya kazi. Katika video hiyo namba za juu ya skrini zinaonyesha kamera ikianza nyuzi 54 kushoto na kumalizia nyuzi chache kulia. Kwa hiyo ilipita mbele. Kwa hiyo kichwa kilijiviringisha. Na kitu kinageuka zaidi pale pale kamera inapokaribia kutazama mbele kabisa.

Utauliza, mbona mawingu hayakugeuka? Kwa sababu waliounda kamera walijua kwamba rubani hawezi kufanya kazi na upeo wa macho unaopinduka. Wakaweka ndani yake sehemu inayoizungusha picha kinyume, ili mawingu na bahari vibaki wima kichwa kinapojiviringisha. Marekebisho hayo yanafaa kwa kila kitu kilichoko nje. Hayafai kwa kitu kilichozaliwa kwenye vioo vya mbele vya kamera yenyewe, na mng'ao huzaliwa hapo. Ukielekeza kamera kwenye chanzo chenye joto kali, kama sehemu ya nyuma ya injini ya ndege, mionzi hutawanyika kwenye vioo, ikaenea na kuchora umbo kubwa kuliko chanzo chenyewe. Umbo hilo limefungwa kwenye kioo. Kioo kikizunguka, nalo huzunguka.

Hili umeshaliona kwa macho yako, nina hakika. Umepanda Kitonga usiku, kioo cha mbele cha gari kimefutwa na tambara lenye mafuta. Lori linateremka, na taa zake zinachora mistari mirefu ya mwanga iliyokatisha kioo. Lori halina mistari hiyo. Ukiona imelala upande, ni kwa sababu tambara lilipitishwa juu na chini. Mng'ao siku zote hukata mapito ya mafuta. Darasani fanya hivi: chukua kipande cha kioo safi, pitisha kidole chenye mafuta ya kupikia mara kadhaa kuelekea upande mmoja, kisha tazama balbu ya mbali kupitia hapo. Utaona mkia wa mwanga. Zungusha kioo polepole. Mkia utazunguka, balbu itatulia. Hata ukuta ulio nyuma ya balbu hautageuka. Kioo hicho cha shilingi chache kinawaonyesha wanafunzi jambo linalobishaniwa tangu 2017.

Maelezo haya yalichunguzwa kwa kina na Mick West, mtengeneza programu wa zamani wa michezo ya kompyuta, na nguvu yake haiko kwenye mfano wa kioo tu. Ndege inapolala upande, upeo wa macho unainama kwenye skrini lakini lile umbo haliinami nao, kama inavyopaswa kuwa kwa kitu kilichofungwa kwenye kamera. Kabla ya umbo kugeuka, picha nzima hutikisika kidogo, kama mota inayoanza kazi. Na hili ndilo lililonishawishi mimi: kuna mabaka hafifu ya mwanga kwenye anga la nyuma, na umbo likigeuka, mabaka nayo hugeuka kwa pamoja. Chombo cha angani hakiwezi kulizungusha anga. Vioo vya kamera vinaweza.

Vipi ule utepe mweupe unaolizunguka umbo, ambao watu wengi huuita ngao ya baridi? Huo ni wa programu ya kunoa picha. Ili kingo zionekane kali, programu huzipaka pikseli zilizo jirani na eneo lenye joto jingi rangi ya baridi kuliko ilivyo, na katika picha hii joto ni jeusi, baridi ni nyeupe. Hata kamera yangu ya kazini hufanya hivyo nikiongeza ukali.

Kwa hiyo kuhusu GIMBAL, nisikufiche: umbo na mzunguko nayahesabu kuwa ya kamera, na nimeshawishika kwa kiasi kikubwa. Lakini mng'ao una chanzo. Kulikuwa na kitu chenye joto mbele ya ndege ile. Video haitaji umbali wake, na hapo ndipo ubishi wa haki ulipo. Wanaokiweka karibu hupata mapito ya ajabu, kitu kinasimama na kurudi kilikotoka. Wanaokiweka mbali zaidi hupata ndege inayokwenda mwendo wa kawaida kwa mstari. Marubani wanasikika wakisema kuna kundi zima kwenye skrini yao nyingine, na data hizo za rada hazijatolewa kwa umma. Mwanafunzi atakayesema "hatuna data ya rada, kwa hiyo hatuwezi kufunga faili" mpe alama zake. Atakayesema "kinazunguka bila mabawa, kwa hiyo ni teknolojia isiyo ya dunia" muulize kwanza kuhusu kioo chenye mafuta.

GOFAST ni rahisi zaidi, na ningekuwa wewe ningeipa dakika ishirini za ubaoni. Inaonyesha nukta ndogo inayokimbia kama risasi juu ya bahari. Kosa hapa halipo kwenye lenzi kabisa, lipo kwenye akili ya mtazamaji. Namba za skrini zinasema ndege ilikuwa futi 25,000, kamera imeinamishwa nyuzi 26 chini, na umbali wa kitu ni maili za baharini 4.4, yaani kilomita 8.15. Saini (sine) ya nyuzi 26 ni 0.438. Zidisha: kitu kipo kilomita 3.57 chini ya ndege. Ndege ipo kilomita 7.62 juu ya bahari. Toa, unapata kilomita 4 na kidogo. Nukta iliyoonekana kunyatia mawimbi ipo juu kuliko kilele cha Rungwe kwa zaidi ya kilomita moja. Mwaka 2023 jopo huru la NASA lilipiga hesabu ya namna hiyo na kupata mwendo wa wastani wa maili 40 kwa saa hivi, kama kilomita 64, ambao upepo wa kule juu unaumudu.

Kasi ile ya risasi ilitoka wapi? Kaa dirishani kwenye basi la Mbeya kwenda Iringa. Ukipita Chimala, nguzo za umeme kando ya barabara zinakimbia kurudi nyuma, na safu ya milima iliyo mbali imetulia. Ukimkazia macho mchungaji aliyesimama katikati ya nguzo na milima, milima ndiyo itakayoonekana kukimbia nyuma yake, na yeye ataonekana kama anapaa juu ya vilele. Mchungaji kasimama. Anayekwenda ni wewe.

Ya tatu, FLIR1, hapo naomba upande wa "makosa ya kamera" upunguze sauti. Ilirekodiwa tarehe 14 Novemba 2004 upande wa kusini mwa California, na ndege ya manowari ya USS Nimitz. Mwishoni kitu kinachomoka kushoto kwa ghafla, na watu husema hakuna ndege inayoweza kuongeza kasi hivyo. Ukitazama kona ya skrini utaona kwamba dakika ile ile kamera ilikuwa imebadilishiwa ukuzaji na kupoteza kitu ilichokuwa imekifunga. Picha ikikuzwa mara mbili, kila mwendo huonekana mara mbili. Mchomoko ule ni wa kamera kuacha kufuata. Hapo nasimama imara.

Lakini tukio la siku ile halikuanza na video. Kabla yake, rubani David Fravor na wenzake walikiona kitu cheupe kirefu kwa macho yao mchana kweupe, na rada ya meli ya USS Princeton ilikuwa ikiripoti vitu kwa siku kadhaa. Video ilipigwa baadaye na rubani mwingine. Kioo chenye mafuta hakielezi kitu alichokiona mtu kwa macho. Macho nayo hukosea, hasa kukadiria umbali wa kitu usichojua ukubwa wake, lakini hilo ni kosa la aina nyingine na linahitaji hoja yake. Anayetumia kamera kuwafuta mashahidi amevuka mpaka wa ushahidi wake, sawasawa na anayetumia mashahidi kuthibitisha video.

Sasa hoja ya fedha za jeshi. Naielewa, ina heshima ndani yake, lakini historia haiiungi mkono. Machi 2004 ndege ya jeshi la anga la Meksiko ilirekodi kwa kamera ya infraredi taa kumi na moja zikiifuata juu ya Campeche, na marubani hawakuona kitu kwa macho. Maelezo yaliyokubalika zaidi ni miali ya gesi kwenye visima vya mafuta vya Cantarell, mbali baharini, iliyoonekana kati ya mawingu. Novemba 2014 helikopta ya jeshi la majini la Chile ilirekodi kitu chenye joto kinachomwaga wingu. Kamati ya serikali ikakaa nacho miaka miwili, ikakitangaza Januari 2017 kuwa hakijulikani, na ndani ya siku chache watu waliolinganisha na ratiba za ndege wakakitambua kuwa ndege ya abiria iliyoondoka Santiago. Na mwezi Mei 2022, mbele ya Bunge la Marekani, afisa wa upelelezi wa jeshi la majini alieleza kwamba pembetatu za kijani zilizorekodiwa na meli yao zilitokana na mwanga kupita kwenye kifaa cha kuonea usiku na kisha kwenye kamera. Rubani amefunzwa kutambua tishio ndani ya sekunde. Kuchunguza mng'ao wa lenzi ni kazi ya watu wengine, mezani, na chai pembeni.

Upande wa "makosa ya kamera" nao usichukue hayo kama ushindi. Ripoti ya ofisi ya mkurugenzi wa upelelezi wa Marekani ya Juni 2021 ilichambua taarifa 144 na kuweza kueleza moja tu kwa uhakika, puto kubwa lililokuwa likipungukiwa hewa. Zilizobaki hazikuitwa wageni wala kamera mbovu; nyingi zilikosa data za kutosha. Kuna mambo katika kazi yangu pia ambayo nimeyaandika "halijulikani" na kuyaacha hivyo, na hakuna aibu ndani yake.

Kama unataka wanafunzi wajue ushahidi wa kutosha unafananaje, wapeleke Mbozi. Pale pamelala kimondo cha chuma cha takriban tani 16, na wanasayansi hawakukijua mpaka mwaka 1930. Hakuna video yake kikianguka, wala shahidi. Lakini unaweza kukigusa, kukikata kipande, kukipima na kukuta chuma na nikeli. Kikija kitu cha namna hiyo, au rada na kamera mbili na macho vikakubaliana kwa namba zilizo wazi, mimi nitakuwa wa kwanza kubadili msimamo.

Tuje Tukuyu. Mwalimu, jibu limo kwenye neno moja la barua yako: dirishani. Kioo cha dirisha, kinachopitisha mwanga vizuri hivyo, hakipitishi mionzi ya mikromita 8 hadi 14 ambayo kamera za simu husoma. Kwa kamera ile dirisha ni ukuta, tena ukuta unaoakisi, ingawa si kwa nguvu kama ubavu wa ile sufuria. Ndiyo maana lenzi za kamera za joto hazitengenezwi kwa kioo cha kawaida bali kwa vitu kama jemaniumu, ambayo kwa macho yetu inang'aa kama chuma. Kama dirisha lilikuwa limefungwa, mdogo wako hakurekodi kitu juu ya mlima. Alirekodi kitu chenye joto kilichokuwa nyuma yake sebuleni, na mwezi Juni Tukuyu saa moja kasoro jioni, naweka dau langu kwenye jiko la mkaa.

Utasema, mbona mlima unaonekana? Baadhi ya kamera za kuchomeka kwenye simu zina lenzi mbili. Moja husoma joto, nyingine ni ya kawaida, na programu huchukua michoro ya kingo kutoka ya kawaida na kuipachika juu ya picha ya joto ili mtu atambue anachotazama. Jioni ile mwanga ulikuwa bado unatosha kuchora mlima kupitia kioo. Mlima ukatoka nje, joto likatoka ndani, programu ikavishonea pamoja. Na kule kuganda kisha kuruka? Kamera hizi kila baada ya muda hufunga kipazia kidogo ndani yake ili kujisawazisha. Utasikia "tik", picha inaganda kwa nusu sekunde hivi. Mkono ukiwa umesogea katika muda huo, kitu huonekana kimeruka.

Nimesema dau, sijasema hukumu, kwa sababu video sijaiona. Akija Mbeya aje nayo kwenye simu ile ile, faili la asili, si lililopitia WhatsApp, maana WhatsApp hubana picha na kufuta taarifa za muda na mahali. Aje na kamera pia. Ikiwa siku nyingine ataona kitu akiwa nje, bila kioo, kikirudi juu ya nyumba za watu usiku, hilo si la kuniletea mimi. Huenda ni droni, na droni zina vibali vyake chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga; atoe taarifa kwa mtendaji na polisi.

Na binti. Usisubiri Jumamosi. Mwite leo, pamoja na matroni na rafiki yake mmoja, pasipo darasa zima. Usimwambie ni mjinga kuogopa. Aliona kitu kinachowaka kikionyeshwa na mwalimu wake, na mwalimu hakuwa na maelezo. Mwambie wazi kwamba uliionyesha kabla ya kuichunguza. Kisha mpe yeye kamera, kama mdogo wako atakuazima, asimame mbele ya dirisha la bweni na aone sura yake mwenyewe ikiwaka juu ya miti ya misonobari. Wengi hofu huwaishia hapo. Ila kama wiki mbili zitapita na bado halali, au hali chakula, au ameanza kutetemeka na kulia usiku, apelekwe hospitali akaonane na mtu wa afya ya akili, na wazazi wajulishwe kabla. Huko mimi na fizikia yangu hatufiki. Hofu inaweza kuwa imeanzia kwenye video na kubeba jambo jingine ambalo bado hajamwambia mtu.

Kwa mdogo wako, kazi ni moja. Asimame pale pale, saa ile ile, jiko likiwa mahali lilipokuwa, arekodi dakika moja. Kisha mtu alitoe jiko nje huku kamera ikiendelea kurekodi. Halafu afungue dirisha, arekodi tena. Video hizo zote azihifadhi na tarehe zake, na ile ya kwanza ya Juni asiifute.